Mpini wa Mninga na Ndoo Isiyotaka Kushuka

Jumatatu, tarehe 1 Septemba 2025

Siku njema. Hewa kavu, upepo wa vumbi, nafsi tulivu. Saa nne asubuhi nimewasilisha, kwa mkono wangu mwenyewe na mbele ya mashahidi, ombi la kurasa nne lihusulo Maboresho ya Usalama na Mpini wa Winchi ya Kisima cha Umma, hapa mtaani kwetu Chemchem, Tabora. Nakala tatu: kwa Mchungaji, kwa Mtendaji wa Mtaa, na kwa jalada. Jalada ni bati la biskuti lililo chini ya kitanda.

Chanzo cha ombi. Jumatano iliyopita mpini wa winchi ulimponyoka mke wangu, Mama Jeska, ndoo ikiwa njiani kupanda. Ndoo ikarudi chini, mpini ukazunguka kinyume kwa kasi, ukampiga mkono wa kulia. Hakuvunjika, Mungu ni mwema. Lakini amefungwa bandeji, na tangu siku hiyo mimi ndiye ninayeteka maji. Jambo hili la pili halina uhusiano wowote na ombi. Nimelieleza hivyo katika ukurasa wa tatu.

Mwenyekiti wa Kamati ya Kisima, Bi Paskazia, aliipokea barua pale kisimani, akaipima uzito kiganjani, akaniomba nimwambie tu kilichomo. Nilimjibu kwamba kilichomo kimo. Akasema yeye hana miwani na foleni haina subira. Kisha akatangaza mbele ya wote: winchi hii imekwisha kupiga watu wanne tangu Pasaka; ikifika Jumamosi bado inapiga, itang'olewa, na tutarudi kuvuta kamba kwa mikono kama zamani. Pima kumi na tisa! Wanawake waliguna. Nami niliguna, kwa adabu.

Selemani, fundi wa kuchomelea, alidai kuwa kwake hiyo ni kazi ya nusu saa. Nikapinga. Hajaandika barua yoyote. Kwa bahati njema anakwenda Kaliua kuchomelea tela la trekta, wala hatarudi kabla ya Alhamisi. Kamati imenipa mimi kazi. Nimeomba pia kwamba, iwapo nitafaulu, niteuliwe kuwa Msimamizi wa Winchi, mwenye ufunguo wa mfuniko na, ikiwezekana, kofia. Bi Paskazia alisema tuone kwanza. Hilo ni karibu sawa na ndiyo.

Jumanne, tarehe 2 Septemba

Nimechonga mpini. Mninga mkavu, mti wenye heshima. Mpini wa sasa ni nondo tupu iliyokunjwa. Ukilowa, ni kambare mkononi. Wangu una mabonde manne ya vidole na kijikitanda cha kidole gumba. Vipimo nilivipata kwa njia ya kisayansi: nilichukua udongo wa mfinyanzi, nikaukamata kwa nguvu, nikauacha ukauke, kisha nikaufuata kwa patasi. Unakaa! Hata kukaza mkono huhitaji. Wenyewe unakushika.

Mama Jeska aliutazama kwa muda mrefu, akauliza nilikamata udongo kwa mkono upi. Nikamjibu, kwa ule niliojaliwa. Mwalimu wa darasa la pili aliuchapa mkono huu wa kushoto muhula mzima ili uache kuandika, nao haukuacha. Ndio ulioandika barua zote zilizomo katika bati. Ni mkono wenye uzoefu. Mama Jeska akasema haya, Baba Jeska, akaenda zake kuchambua mchicha kwa mkono mmoja.

Jirani yetu Apolinaria ameujaribu mpini. Amesema anahisi kama amesalimiwa na mtu aliyempa mgongo. Akaulizia kama upo wa mkono wa kula. Ni ukosefu wa mazoezi tu. Nitaandaa maelekezo ya matumizi, ukurasa mmoja na nusu.

Jumatano, tarehe 3 Septemba

Leo madukani Mtendeni, kwa baiskeli, kutafuta frihwili. Ufafanuzi kwa watakaosoma baadaye: frihwili ni kile kigurudumu cha meno kilicho katika gurudumu la nyuma, kinachokubali kuzunguka upande mmoja na kuukataa wa pili. Nimekiona maisha yangu yote, na ni leo alfajiri tu, nikinawa uso, ndipo nilipokielewa. Kikifungwa kwenye gogo la winchi, ndoo ikipanda imepanda! Mpini ukimponyoka mtu hauna njia ya kurudi kumpiga. Nilitetemeka kwa furaha, sabuni bado machoni.

Mwenye duka la vipuri alinionyesha frihwili mpya tatu. Nikamwuliza kama kuna hata moja iliyokwisha kubeba mtu. Akasema mpya ni mpya, mzee wangu. Sikuridhika. Usalama wa umma hauwezi kuegemea kitu kisicho na historia. Frihwili ya baiskeli yangu ina miaka kumi na moja ya utumishi, na haijaniangusha hata siku moja. Uamuzi wa busara: ifunguliwe hiyo. Ikafunguliwa palepale.

Kisha nikapanda baiskeli, nikapiga pedeli. Pedeli zikazunguka. Baiskeli haikwenda. Mwenye duka alitoka nje kunitazama, halafu akawaita na wenzake.

Nimeisukuma hadi nyumbani, kwa kufuata kipande cha njia ya zamani ya misafara. Si haba. Babu wa babu yangu alipita njia hii na jino la tembo begani mpaka pwani, miezi mitatu, na hakuna mahali panaposimuliwa kwamba alilalamika. Ingawa, kama nilivyowaza nilipofika kona ya tatu, yeye hakuwa na baiskeli ya kusukuma.

Alhamisi, tarehe 4 Septemba

Asubuhi: ushindi. Saa nne: ufafanuzi zaidi unahitajika.

Nilifunga frihwili, nikafunga na mpini. Foleni ya madumu ilikuwa imepinda hadi kwa muuza mkaa. Nikawasalimu kinamama kwa Kinyamwezi, mwangaluka, nikawasomea utangulizi (kurasa mbili tu, nyingine nikaziruka kwa huruma), kisha nikaanza kuzungusha. Tke, tke, tke, tke! Sauti tamu kama ya saa ya ukutani. Ndoo ilipofika katikati nikauachia mpini kwa makusudi. Kimya. Ndoo ikaning'inia, haikurudi hata upana wa kidole. Vigelegele! Nikainama kidogo, kushoto na kulia.

Ndoo ikafika juu, ikamiminwa katika dumu la kwanza. Ikatakiwa sasa ishuke.

Haikushuka.

Nikausukuma mpini upande wa pili. Apolinaria akausukuma. Kinamama watatu wakausukuma kwa pamoja, wakihesabu moja, mbili. Ndoo ikabaki inaning'inia juu ya kisima, tupu, ikitutazama. Nikawaeleza kwamba kwa upande wa usalama hali imekamilika: ndoo isiyoshuka haiwezi kumdhuru mtu yeyote. Bi Paskazia akaniuliza kama leo watoto wapikiwe usalama. Nikapekua kurasa zote nne; swali hilo halimo.

Nikaifungua frihwili, nikaigeuza. Ndoo ikashuka! Ilishuka kwa haraka isiyo ya lazima, ikapiga maji, ikatulia. Nikazungusha ipande. Mpini ukagoma kama nguzo ya umeme. Kwa hiyo kufikia saa tano ndoo pekee ya mtaa ilikuwa chini kabisa, pima kumi na tisa, salama salimini.

Ndipo akatokea Selemani, anatoka stesheni, begi bado begani. Inanilazimu kueleza hapa kwamba Selemani ni Mzaramo nami ni Mnyamwezi. Sisi ni watani, tangu enzi za misafara, na mtani ana haki ya kukuambia lolote na kukuchukulia chochote bila wewe kununa. Aliitumia haki yake yote. Aliuliza foleni kama hii ndiyo ile akili iliyobeba pembe hadi kwao pwani. Akasema kama ndiyo hii, basi haishangazi kwamba tulikuwa tunafika tumechoka. Akasema mpagazi wake amepigwa na jua, asogezwe kivulini. Akasema amesikia baiskeli yangu siku hizi ni mbuzi, haipandwi, inaswagwa. Kinamama walicheka hadi madumu yakalia. Kisha akaing'oa frihwili, akaipandisha ndoo kwa nondo ya zamani, akauchukua mpini wangu wa mninga na frihwili yangu, akavitia begini, na kutangaza kwamba vimetekwa mpaka mpagazi wake alete kuku.

Mpini wangu! Mateka!

Ijumaa, tarehe 5 Septemba

Nimeamka na barua kichwani. Yahusu: Unyang'anyi wa Mpini Uliofanyika Mchana Kweupe. Kurasa mbili. Nilitembea kwa miguu hadi ofisini kwa Mtendaji wa Mtaa, baiskeli ikiwa katika mapumziko. Mtendaji ni kijana aitwaye Eustace. Alinipa shikamoo, akanipa kiti, akaisoma barua kwa heshima kubwa, hata akasikitika alipofika kwenye neno "mporaji". Alipolifikia jina alisimama. Akauliza ni Selemani yupi. Nikamwambia, wa kuchomelea. Mzaramo? Mzaramo. Na wewe mzee ni Mnyamwezi? Nikaanza kumweleza habari za babu wa babu yangu. Akaiweka barua mezani, akalaza paji la uso juu yake. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Alipopata sauti alisema kwamba ofisi yake hupokea mashtaka ya mipaka, ya mbuzi, ya redio na ya mashemeji, lakini hana daftari la kumshtakia mtani. Bi Batuli, ajuza wa Kizaramo aliyekuwa akisubiri barua ya utambulisho, akainuka na fimbo yake. Amekaa Tabora miaka hamsini, alisema, na hajapata kuona: Mnyamwezi kumpeleka mtani wake serikalini! Akataka kujua kama kesho nitaishtaki mvua kwa kuchelewa. Akahukumu papo hapo: kuku wa pili, wa faini. Mtendaji akasema kwa kuwa suala ni la mila, ofisi haina pingamizi. Hata hivyo aliigonga mhuri nakala yangu. Mhuri mzuri, wa zambarau, umekaa katikati bila kupinda. Nilitoka nikiwa mwepesi kuliko nilivyoingia.

Kuku wawili, basi. Hapo nikapata hila. Tunaye jogoo anayewika saa nane mchana na kunidonoa vifundo kila nitokapo na jalada. Tunaye pia jike ambalo halijataga tangu mwaka jana. Nimewaandaa hao. Mama Jeska akasema hiyo si faini, huko ni kufagia uwanja. Hakika! Nilijipongeza hadi saa kumi.

Saa kumi alipita Bi Paskazia. Akakumbusha: kesho saa mbili asubuhi, mbele ya kamati nzima. Kamba mpya ya kuvutia kwa mikono imekwisha kununuliwa, imo stoo. Alipoondoka, Mama Jeska aliutazama mkono wake wenye bandeji, akajaribu kukunja ngumi, akaifungua. Chakula sikukimaliza.

Jumamosi, tarehe 6 Septemba

Saa moja na nusu nilikuwa kisimani na kapu. Selemani alikuwa amenitangulia, amechutama penye winchi, vifaa vimetandazwa. Nilimkabidhi kuku kwa maneno machache rasmi. Jogoo akamdonoa. Akasema huyu ni Mnyamwezi halisi, anapokelewa naye anauma, akanirudishia mpini wangu kwa kunyoosha kidole winchini.

Haukuwa mpini wangu. Mabonde yote ya vidole yalikuwa yamesuguliwa kwa msasa! Mviringo, laini, wa mtu yeyote. Tena alikuwa ameutoboa katikati kutoka mwisho hadi mwisho, akauvika kwenye nondo ukiwa umelegea, ili nondo izunguke ndani na mti utulie kiganjani. Nilitamani kuandika barua palepale. Kwenye gogo alikuwa amechomelea gia ya pikipiki chakavu, na kando yake ulimi wa chuma unaoangukia katikati ya meno. Ndoo ikipanda, ulimi unalia na kuzuia. Ukitaka ndoo ishuke, unauinua ulimi kwa kidole gumba na kuishusha pole pole, mkono wa pili juu ya mpini. Aliwaambia wote kwamba wazo la gurudumu lisilorudi ni la mtani wake. Yeye amelifundisha tu kurudi likiombwa. Nilikohoa. Vumbi lilikuwa jingi.

Bi Paskazia akauliza nani atajaribu. Winchi iliyokwisha kupiga wanne! Watu walitazama ndala zao. Nilifungua mdomo ili nijitolee, huku nikitafuta ukurasa unaohusika. Mama Jeska alikuwa amekwisha kutoka kwenye foleni. Alifika mbele na bandeji yake, akaushika mpini kwa mkono uleule wa kulia. Nilimwambia aache. Kwa usahihi zaidi, nilisema nusu ya neno. Akazungusha. Tke, tke, tke. Ndoo ikafika katikati, nzito, kamba imekaza hadi inalia. Akanitazama. Kisha akavifungua vidole vyote vitano, akauacha mkono wake hapohapo, mbele ya mpini.

Mpini haukutikisika.

Alihesabu hadi kumi, kwa sauti, bila haraka. Ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimejikamata mkono wa kulia kwa nguvu, hadi umekufa ganzi.

Winchi inabaki! Kamba mpya itafungiwa mbuzi. Ukafuata uteuzi wa Msimamizi. Nilisogea mbele hatua moja, nikanyoosha kola. Apolinaria akampendekeza Mama Jeska. Mikono yote ikapanda. Wangu pia ulipanda, wa kushoto, wenyewe, bila kushauriana nami.

Jumapili, tarehe 7 Septemba

Ibada nzuri, kwaya imejitahidi. Mchungaji alitangaza shukrani kwa fundi Selemani na kwa familia ya Gerson Ngassa. Mimi ni sehemu ya familia hiyo, tena ndiye niliyetajwa jina. Nimemwomba katibu wa ushirika anipatie tangazo hilo kwa maandishi.

Baada ya ibada nilimkuta Selemani barabarani ananingoja na kapu. Jogoo! Jana saa nane mchana amewika mpaka majirani wakadhani kuna msiba, halafu akamfukuza Bi Batuli hadi chooni na kumlinda humo. Selemani aliomba nimpokee tena. Nikamjibu kwa utulivu kwamba kilichotolewa kwa mtani hakirudi. Kama ana shaka, amwulize Bi Batuli, ambaye ndiye hakimu. Kwa mara ya kwanza tangu enzi za misafara, Mzaramo hakuwa na la kusema! Kisha akacheka, nami nikacheka, tukagonga viganja. Akanirudishia frihwili yangu, imefungwa kwenye gazeti, imepakwa grisi. Ni mtu mwema, ukimwondolea mdomo.

Kabla ya hapo, wakati wa kutoka uwanja wa kanisa, niliona jambo. Nitalifikiria.

Jumanne, tarehe 9 Septemba

Maisha mema. Mama Jeska amefungua bandeji na anasimamia winchi, ufunguo shingoni. Kofia ameikataa, naivaa mimi nikiwa nyumbani. Msimamizi haruhusiwi kukiacha kituo chake ili kuteka maji ya nyumbani kwake, kwa hiyo nateka mimi. Napanga foleni kama raia yeyote. Leo ameniagiza, mbele za watu, niuinue ulimi wa winchi kwa kidole gumba na niushushe ule mwingine. Foleni ilifurahi. Hata mimi, baada ya muda.

Selemani alikuwa akipita, akanicheka. Nimekwisha kuandika barua kwa Mtendaji. Safari hii nimetumia neno "dhihaka", ambalo ni zito zaidi.

Sasa, lile jambo. Lango la uwanja wa kanisa lina springi kali. Ukilifungua na kuliachia, linarudi kwa kishindo na kumpiga anayekufuata. Jumapili lilimpiga mzee wa kanisa, na vitabu vya nyimbo vikatawanyika. Siku mbili nimetafakari, na leo alfajiri, nikinawa uso, nimeelewa. Lango hilo likifungwa frihwili, likifunguka limefunguka! Halina njia ya kurudi kumpiga mtu. Frihwili ninayo, imepakwa grisi, baiskeli inaweza kusubiri. Ombi limekamilika, kurasa tano. Mchungaji amesema ataliombea. Hilo ni karibu sawa na ndiyo.

Mpini wa lango nimekwisha kuuchonga. Mninga, mabonde manne, kijikitanda cha kidole gumba, kina zaidi kuliko mwanzo. Nimeujaribu mara thelathini. Unakaa! Sijapata kuona mpini unaokaa namna hii.

Mama Jeska amerudi kutoka kisimani, ameutazama, ameuliza tena nilikamata udongo kwa mkono upi. Swali la ajabu. Kwa uleule.